Kisa cha Pembeni Kinapopwaya

Safu ya toleo hili tumewaachia wanaotengeneza vichekesho vya runinga na wanaovitazama kwa makini. Barua zenu zina sura tofauti lakini zinagusa kidonda kimoja: kile kisa cha pili kinachokwenda sambamba na kisa kikuu ndani ya episodi, ambacho mara nyingi hupwaya hadi mtazamaji anatamani kipite haraka. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Ufupi haukiui kisa cha pembeni, wala wahusika wadogo hawakiui. Kinakufa pale kilipoandikwa ili kujaza nafasi, na ndani yake hakuna mtu anayeweza kupoteza kitu.

SWALI: Ninaandika tamthilia ya vichekesho ya ofisini, episodi za dakika 22. Kisa kikuu cha episodi ya tatu kinamhusu katibu muhtasi aliyedanganya kwamba anajua lugha ya mgeni anayekuja kukagua ofisi. Hicho kinachekesha. Kisa cha pili kina maonyesho manne: kiti kipya kinaletwa na karani mkongwe na karani mpya wote wanakitaka, wanagombana, wanagombana zaidi, meneja anakichukua yeye. Tukisoma skripti mezani, tukifika hapo watu wanatazama simu zao. Niongeze onyesho la tano?
– Mwandishi wa skripti

JIBU: Usiongeze. Hesabu yako haina tatizo. Katika dakika 22, kisa kikuu huchukua dakika 12 au 13, cha pili 6 au 7, na zinazobaki huenda kwenye kichekesho cha ufunguzi, jina la tamthilia na kionjo cha mwisho. Dakika 6 kwa maonyesho manne ni dakika moja na nusu kila onyesho, na hiyo inatosha kabisa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba onyesho lako la pili na la tatu ni onyesho moja. Kilichopanda ni sauti, hali imebaki palepale. Chukua kalamu, na chini ya kila onyesho andika sentensi inayoanza na maneno "Sasa hawezi tena..." Sasa hawezi tena kunyamaza. Sasa hawezi tena kurudi alikotoka. Ukikosa cha kumalizia sentensi, onyesho hilo halijasogeza chochote, hata kama limejaa utani mzuri.

Ya pili ni kubwa zaidi. Makarani wako wanakitaka kiti, na wanasema wanakitaka. Mtu anayeweza kuomba waziwazi anachokitaka hana kisa, ana maombi tu. Kichekesho huanza pale anapokitamani kitu kwa moyo wote na papo hapo kuna sababu inayomziba mdomo.

Ya tatu ni meneja. Mtu wa nje akija akakata shauri, yote waliyoyafanya makarani kwa dakika 6 yanakuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Hebu tukisuke upya kwa vifaa vyako vilevile. Mpe karani mkongwe maumivu ya mgongo anayoyaficha, na mpe kauli aliyokwisha kuitoa mbele ya wote: kwamba kiti cha kuegemea ni cha wavivu, yeye amefanya kazi miaka 20 juu ya stuli. Hapo ndipo kiti kinapoingia.

Onyesho la kwanza: anapewa kiti kwa heshima ya ukongwe wake, anakikataa kwa hotuba na kumkabidhi karani mpya. Anapoketi tena kwenye stuli, uso unajikunja. Sasa hawezi tena kukiomba. Onyesho la pili: ni alfajiri, amekikalia, amefumba macho kwa raha, mfagizi anamkuta. Anadai anakipima kama ni salama. Sasa hawezi tena kukikalia bila kutoa matokeo ya upimaji. Onyesho la tatu: karani mpya, ambaye anamwamini kwa dhati, anamshika mkono hadi kwa meneja ili aeleze alichokigundua. Akisema kiti ni salama, kinarudi kwa kijana. Akisema si salama, anadhani ataachiwa aendelee kukipima. Anasema si salama. Meneja anaamuru kibandikwe karatasi nyekundu yenye neno HATARI na kitolewe nje. Sasa hawezi tena kukipata, na aliyemnyang'anya ni mdomo wake mwenyewe.

Onyesho la nne halitakuwa la kisa cha pili peke yake. Mgeni amefika, viti vimepungua, mtu amekirudisha kile kiti na karatasi bado imeganda mgongoni. Mgeni anaelekea kukaa, anaiona karatasi, anamgeukia katibu muhtasi na kumuuliza kwa lugha yake pameandikwa nini. Katibu muhtasi, ambaye kwa dakika 18 amekuwa akipona kwa kutabasamu na kutikisa kichwa, anatabasamu na kutikisa kichwa. Mgeni anakaa. Ofisi nzima inashika pumzi. Mtu mmoja tu ndani ya chumba anajua kwamba kiti hakina kasoro, naye ni karani mkongwe. Akisema, anajiumbua. Akinyamaza, wenzake watamrukia mgeni kumwinua.

Tazama kilichobadilika. Umeongeza mfagizi tu, na hukuhitaji seti mpya. Uongo mmoja umekabana na uongo mwingine katika tendo moja la kuketi. Shika pia jambo hili: kisa cha pili kilipoingia kwenye kikuu kimeongeza shida. Kingemwokoa katibu muhtasi, mtazamaji angehisi ameibiwa, kwa sababu bahati inayomtia mtu matatani tunaikubali, ila inayomtoa tunaitilia shaka.

SWALI: Mtayarishaji wetu ameweka sheria: visa vyote lazima vigongane mwishoni mwa kila episodi. Tuko episodi ya tisa na watazamaji sasa wanabashiri kila kitu dakika tano kabla. Ni lazima vikutane?
– Mwandishi msaidizi

JIBU: Si lazima, na ukilazimisha kila wiki unakiua kile kile unachokipenda. Mfano ambao kila mtu huutaja ni wa tamthilia ya Seinfeld, katika episodi iliyorushwa mwaka 1994. George anamdanganya mwanamke kwamba yeye ni mtaalamu wa viumbe wa baharini. Kramer, rafiki yake, kwa upande wake anakwenda ufukweni kupiga mipira ya gofu baharini. Mwishoni George anajikuta mbele ya nyangumi anayekufa, na anachokitoa kwenye tundu lake la kupumulia ni mpira wa gofu.

Wengi huishia kusifu mgongano huo. Sisi tunawaomba mtazame jinsi mpira ulivyopandwa. Kramer anaporudi kutoka ufukweni amejaa mchanga, na anachofanya ni kulalamika: hajui kupiga, isipokuwa mpira mmoja tu uliokwenda mbali. Ni malalamiko ya mtu aliyeshindwa, na yanachekesha yenyewe, kwa hiyo mtazamaji anacheka, anaifunga habari na kuisahau. Angesema sentensi hiyohiyo kwa utulivu, kama taarifa, watu wangejua kwamba wanaandaliwa kitu. Hiyo ndiyo siri ya kupanda mbegu: iwe ni kichekesho kilichokamilika mahali pake. Na jambo la pili, nyangumi hatumwoni. George anasimulia mezani, na marafiki, Kramer akiwemo, wanasikiliza. Mgongano unatokea kwenye nyuso zao, ndani ya seti waliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Njia ya pili ni visa kukutana mahali bila kubadilishana matokeo. Katika episodi ya Friends ya mwaka 1998, marafiki wanne wanashindana kwa maswali na zawadi inakuwa nyumba yenyewe, wakati mwenzao Phoebe anasubiri kujua kama amepata mimba ya watoto atakaowabeba kwa niaba ya kaka yake. Habari ya Phoebe haibadilishi nani ameshinda nyumba. Inachofanya ni kuukata ugomvi katikati, na kelele zinageuka kukumbatiana. Kisa cha pili hapo ni kifupi na cha utulivu, na utulivu wake ndio unaokipa nguvu kando ya makelele ya kisa kikuu.

Njia ya tatu ni kutokukutana kabisa, na haina aibu yoyote kama kila kisa kina mwisho wake. Kwa maoni yetu, katika episodi kumi, migongano mitatu inatosha. Mwambieni mtayarishaji kwamba mgongano ni kama pilipili.

SWALI: Nikitazama vichekesho vya zamani sioni kisa cha pili kabisa, na bado vinanibamba. Je, huu mtindo wa visa viwili vitatu ni wa lazima?
– Mtazamaji

JIBU: Macho yako hayajakudanganya. I Love Lucy, iliyoanza mwaka 1951, kwa kawaida ilikuwa na uzi mmoja: Lucy anataka jambo, mumewe hataki, na majirani zao wawili wanavutwa ndani. Watu wanne, jambo moja. Episodi zake zilikuwa ndefu kidogo kuliko dakika 22 za siku hizi, lakini hazikuhitaji kisa cha kupumzisha kwa sababu wote wanne walikuwa wamebanwa na jambo lilelile.

Fawlty Towers ya Uingereza, yenye episodi 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za 1979, ilitumia ujanja mwingine. Kila mgeni anaingia hotelini na haja yake ndogo, ungedhani ni visa vitano tofauti, lakini zote zinamwangukia Basil, mwenye hoteli, na kila anapoificha moja anaifumua nyingine. Visa vya pembeni vipo, ila havina uhuru: vyote ni mawe yanayorushwa kwa mtu mmoja.

M*A*S*H, tamthilia ya madaktari wa kijeshi iliyoanza 1972, mara nyingine ilikwenda kinyume kabisa: daktari anamwandikia baba yake barua, na barua hiyo inabeba visa vidogo vingi visivyohusiana. Sauti ya mwandishi wa barua ndiyo uzi. Kwa hiyo jibu ni hili: ukiwa na watu wengi wenye haja zinazokinzana ndani ya jambo moja, achana na kisa cha pili. Kinahitajika pale kisa kikuu kinapowaacha waigizaji wako nusu wamekaa bila kazi.

SWALI: Tuna wahusika wakuu sita. Kisa cha pili kila mara wanapewa walewale wawili, na wameanza kuchosha. Waigizaji wengine nao wanalalamika kwamba wamekuwa fanicha. Tupange vipi?
– Mwongozaji

JIBU: Chora jedwali. Watu sita wanatoa jozi 15 tofauti. Andika majina sita kwa mlalo na sita kwa wima, na kila episodi iliyokwisha kurekodiwa weka alama kwenye jozi iliyobeba kisa cha pili. Tunatarajia mtakuta jozi mbili au tatu zimejaa alama na nyingine nane hazijawahi kuguswa. Msimu unaofuata uanze na hizo nane. Jozi ambayo haijawahi kukaa peke yake chumbani ni mali, kwa sababu hata ukimya wao ni mpya.

Lakini msigawe kama karanga. Kabla ya kuiandikia jozi, jibuni nani anasukuma na nani anazuia. Wawili wapumbavu wakikaa pamoja hakuna wa kuiona hatari, na mtazamaji haogopi kwa niaba yao. Wawili wenye busara wakikaa pamoja hakuna wa kuianzisha. Anayesukuma si lazima awe yuleyule siku zote, na hapa ndipo penye utamu: mchukueni yule ambaye kwenye kisa kikuu ndiye breki, mumwekee mtu mwoga zaidi yake, naye atalazimika kuwa mshale.

Ushauri wa kazi ya mikono: mpeni kila mmoja wa jozi kitu cha kufanya chenye mwisho unaoonekana. Kukunja nguo zilizobaki kumi, kufunga kabati lenye skrubu nane, kujaza fomu yenye kurasa tatu. Kazi yenye mwisho inampa mwigizaji saa ya ndani, na mkimkatiza katikati mtazamaji anaona kabisa kimebaki kiasi gani. Kisa cha pili chenye watu wawili waliokaa kwenye kochi wakizungumza ndicho kinacholalamikiwa kuliko vyote, na mara nyingi maneno yake hayana kosa: kilichokosekana ni skrubu.

SWALI: Je, kisa cha pili kinaweza kubebwa kwa simu, mhusika mmoja akiongea na mtu asiyeonekana?
– Mwanafunzi wa uandishi

JIBU: Kwa onyesho moja, ndiyo. Kwa kisa kizima, hapana. Simu inaondoa uso wa pili, na nusu ya kicheko iko kwenye uso unaosikia. Kama bajeti inawalazimisha, mwekeeni mtu wa pili chumbani ambaye anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo na anaelewa vibaya. Kosa lake liwe ndilo kisa.

SWALI: Mhariri wetu wa skripti anataka visa vyote viwili viwe na dhamira moja. Matokeo yake, mwishoni mhusika mmoja anatamka funzo na mwingine anaitikia. Tunajua ni vibaya lakini hatujui tutoke vipi.
– Waandishi wawili

JIBU: Mhariri wenu hajakosea kutaka dhamira moja. Kosa ni kuipa majibu mamoja. Kama kisa kikuu kinamwonyesha mtu anayesema uongo na kuumia, na cha pili kinamwonyesha mwingine anayesema uongo na kuumia, mmeandika kitu kilekile mara mbili, na mara ya pili ni fupi na dhaifu. Mtazamaji hasemi "loo, dhamira". Anasema "hiki nimeshakiona".

Kigeuzeni. Kisa kikuu: dada anaficha ukweli ili asimuumize mdogo wake. Kisa cha pili: jirani ameamua kusema ukweli mtupu kwa siku moja nzima, kila kitu, kwa kila mtu. Wa kwanza anaharibu kwa kuficha, wa pili anaharibu kwa kufichua. Hakuna anayehitaji kutamka neno "ukweli", kwa sababu mtazamaji anasogezwa huku na huku na anapima mwenyewe. Ukitaka kujua kama mmefanikiwa, futeni mistari minne ya mwisho ya kila kisa msome tena. Kama kisa bado kinaeleweka, hiyo mistari ilikuwa hotuba na msiirudishe.

Na kuna kitu kimoja cha kuangalia katika kugeuza: uzito usifanane pia. Kisa kikuu kikiwa cha machozi, cha pili kiwe chepesi hadi karibu upuuzi, lakini kwa mhusika wake kiwe cha kufa na kupona. Jirani yetu lazima aamini kwamba akidanganya mara moja tu siku hiyo, ameshindwa maisha. Mwandishi akikidharau kisa chake cha pembeni, mwigizaji atakidharau, na kamera haifichi dharau.

SWALI: Mhusika wa kisa cha pili amependwa kuliko wakuu. Watazamaji wanamtaka kila episodi. Tumpandishe?
– Mtayarishaji

JIBU: Imetokea kwa wakubwa. Katika Happy Days ya Marekani, iliyoanza mwaka 1974, Fonzie alianza pembeni na akaishia kuwa uso wa tamthilia. Katika Family Matters, iliyoanza 1989, jirani aitwaye Steve Urkel aliingia katikati ya msimu wa kwanza na kuchukua kiti cha mbele.

Funzo la kikazi liko kwenye hatua moja ya Happy Days: msimu wa tatu, ulioanza 1975, Fonzie alipangishwa chumba juu ya gereji ya familia kuu. Kwa uamuzi huo mmoja alipata sababu ya kuwa kwenye seti kuu siku yoyote, bila mwandishi kubuni kisingizio cha kumleta. Kabla ya kumpandisha mhusika wenu, jibuni swali hilo la makazi: analala wapi, na kwa nini anapita hapo kila siku?

Kisha mlinde. Mhusika wa pembeni huchekesha kwa sababu hana shaka: anataka kitu kimoja na anakwenda nacho moja kwa moja. Kisa kikuu kinahitaji mtu anayesitasita. Mkimpandisha ghafla mtamwongezea mashaka, na ule ukali uliopendwa utafifia. Mwongezeeni muda polepole, dakika mbili mbili kwa episodi, na mpeni kitu kimoja tu anachokiogopa. Kimoja kinatosha.

SWALI: Ninahariri picha. Mkato wa kwanza wa episodi umetoka dakika 25 na sekunde 10, natakiwa kufika 22. Kisa cha pili kina maonyesho matano na kilikuwa kizuri kwenye karatasi. Nilipunguza kidogokidogo kila mahali, sasa kimekufa. Nilikosea wapi?
– Mhariri wa picha

JIBU: Hapo hapo, kwenye kidogokidogo. Ukinyoa sekunde chache kila onyesho, kinachotoka kwanza ni ukimya: mtu anasikia habari, anatulia, anaelewa. Kwa jicho la kuhesabu sekunde, ule utulivu unaonekana kama nafasi tupu. Kwa mtazamaji ndiyo kicheko chenyewe. Umebakiza maneno yote na umetoa sababu ya kuyacheka.

Rudisha mkato wa kwanza, kisha toa onyesho zima. Una dakika 3 na sekunde 10 za kuondoa. Onyesho moja la kisa cha pili lenye dakika 1 na sekunde 20 likitoka, unabaki na dakika 1 na sekunde 50 za kutafuta kwenye kisa kikuu, ambacho kina nyama zaidi. Lipi litoke? La kwanza usiliguse, maana ndilo linaloweka haja. La mwisho usiliguse. Kati ya matatu ya katikati, fanya jaribio la "sasa hawezi tena" tulilolieleza juu: mawili yakitoa jibu linalofanana, moja kati yake ndilo la kutoa. Mara nyingi huwa la pili, kwa sababu waandishi hupenda kueleza tatizo mara mbili kabla ya kulisogeza.

Likishatoka, angalia kama onyesho linalofuata linataja jambo ambalo sasa halipo. Sentensi moja inayorekodiwa baadaye na kuwekwa juu ya picha ya kisogo cha mwigizaji, au wakati kamera iko kwa msikilizaji, huziba pengo hilo. Isizidi sentensi moja. Ikihitaji mbili, umetoa onyesho lisilo sahihi.

Kwenye maonyesho yaliyobaki, kata mwanzo na uache mwisho. Salamu, kufungua mlango, "nilikuwa nakutafuta", vyote vitoke. Ingia mtu akiwa tayari ameudhika. Mwisho wa onyesho acha uso upumue.

Kisha pima umbali. Andika dakika ambayo kisa cha pili kinaonekana kila mara. Kikikaa nje ya skrini zaidi ya dakika tano, mtazamaji anakirudia akiwa baridi, na nusu ya onyesho itatumika kumkumbusha. Unaweza kuhamisha onyesho bila kurekodi upya, na unapohama kutoka kisa kikuu ondoka kwenye swali, kabla halijajibiwa. Ukiondoka baada ya jibu, umempa mtazamaji ruhusa ya kuinuka.

Mara nyingi tatizo hili lingezuiwa kwenye karatasi. Skripti ya tamthilia inayorekodiwa kwa kamera moja huenda takriban dakika moja kwa ukurasa, pungufu kidogo kama mazungumzo ni ya kasi. Ikivuka kurasa 35 kwa episodi ya dakika 22, mwandishi ameacha kazi yake ifanyike kwenye kompyuta yako. Skripti ya kamera nyingi huchapwa kwa nafasi pana kati ya mistari, kwa hiyo kurasa zake kuwa nyingi zaidi ni jambo la kawaida; usiogope idadi.

Kuhamisha onyesho kuna mtego mmoja. Kisa kikuu kikichukua siku tatu na cha pili mchana mmoja, ukihamisha onyesho la kisa cha pili kutoka siku ya pili kwenda ya kwanza, shati la mhusika litabadilika kabla hajalala. Waombeni idara ya mavazi wamvike mhusika wa kisa cha pili nguo ileile katika maonyesho yote ya katikati, na fundi wa taa asiache dirisha lionyeshe jua la asubuhi wala la jioni. Hapo utaweza kuyapanga upya utakavyo.